Mito ya angani: Bahari ileile, mafuriko Tandale na joto kwenye barafu ya Antaktika

Machi 18, 2022, vipimo vya kituo cha utafiti cha Concordia, katikati ya Antaktika, vilisoma nyuzi joto 11.5 chini ya sifuri. Kwa mkazi wa Mbagala hiyo ni baridi ya kuganda. Kwa Concordia, kituo cha Wafaransa na Waitaliano kilichojengwa juu ya barafu zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, lilikuwa joto la ajabu. Mwezi Machi pale huwa kama 50 chini ya sifuri. Yaani joto lilipanda karibu nyuzi 40 juu ya kawaida yake.

Jua halikuhusika. Machi ndiyo mwezi ambao jua linaanza kuaga upande ule na kuacha miezi ya giza. Kilichopasha ni hewa yenye mvuke iliyotoka kwenye bahari za joto, ikapenya hadi ndani ya bara ambalo kwa ukame wake ni jangwa la barafu.

Wataalamu walipochunguza chanzo, walirudi nyuma hadi Bahari ya Hindi. Wiki chache kabla, bahari hiyo ilikuwa imezalisha vimbunga mfululizo, vikiwamo Batsirai na Emnati vilivyoipiga Madagaska, na Gombe kilichoingia Msumbiji. Vurugu hizo za angani zilisaidia kupinda mkondo wa upepo, na mvuke ukasukumwa kuelekea kusini. Ni bahari hiyohiyo anayoiona mtu akiwa kwenye daladala juu ya Daraja la Tanzanite.

Kwa hiyo swali la mvua ya Dar es Salaam si tu "bahari ina maji kiasi gani ya kutoa?" Maji yapo siku zote. Swali ni upepo unayapeleka wapi, na nani anayasimamisha.

Mvuke ni joto lililofungwa

Wataalamu wa hali ya hewa huuita mkanda mrefu na mwembamba wa hewa yenye mvuke mwingi "mto wa angani". Wembamba wenyewe ni wa kulinganisha tu: upana wake ni mamia ya kilomita, urefu ni maelfu. Mto wa kawaida hubeba mvuke unaolingana na maji yanayomwagwa baharini na Mto Mississippi wa Marekani. Ule mkubwa hubeba mara kadhaa ya hapo. Katika maeneo yaliyo kati ya tropiki na ncha za dunia, mikanda hii ndiyo inayobeba zaidi ya asilimia 90 ya mvuke unaoelekea nchani, ingawa inachukua sehemu ndogo tu ya anga.

Sasa mvuke unapashaje joto? Muulize mama lishe yeyote. Akifunua sufuria ya wali na mkono ukapitiwa na mvuke, anaungua vibaya kuliko akipitisha mkono kwenye hewa kavu yenye joto lilelile. Mvuke ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na ukirudi kuwa maji unaachia joto lote lililotumika kuuchemsha.

Angani mambo ni hayohayo. Jua linageuza maji ya bahari kuwa mvuke, joto linajifungia humo ndani, upepo unabeba mzigo. Mzigo ukifika kwenye baridi unafunguka: mvuke unakuwa wingu, kisha mvua au theluji, na joto linaachiwa hewani maelfu ya kilomita kutoka lilikopakiwa.

Halafu kuna suala la blanketi. Wakazi wa Dar wanalijua vizuri, hasa Januari na Februari: usiku wa mawingu na unyevu, feni inazunguka hewa ya moto, saa nane usiku shuka limelowa jasho. Dodoma jua likizama anga likiwa kavu, joto la ardhini linapaa na kupotea, alfajiri mtu anatafuta sweta. Mvuke na mawingu yanazuia joto lisitoroke. Kwenye ncha za dunia, ambako wakati wa baridi jua halichomozi kabisa kwa wiki na miezi, wingu zito lililotoka kusiko na baridi linafanya kazi ambayo jua halipo kuifanya.

Ndiyo maana Desemba 30, 2015 joto karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini lilifika kwenye sifuri, katikati ya majira ya giza, baada ya dhoruba kubwa ya Atlantiki kusukuma hewa ya joto na unyevu juu kaskazini. Ndiyo maana pia visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norway, siku hizi vinapata mvua miezi ambayo vilizoea theluji tu. Huko ndiko lilipo ghala la dunia la akiba ya mbegu, lililochimbwa ndani ya mlima kwa imani kwamba ardhi iliyoganda italinda kila kitu. Oktoba 2016 mvua na theluji iliyoyeyuka viliingiza maji kwenye njia ya kuingilia. Mbegu zilikuwa salama, lakini ghala ikabidi liboreshwe.

Na Antaktika ile ya Machi 2022? Siku zilezile, rafu ya barafu ya Conger iliyoelea baharini ilivunjika. Eneo lililopotea lilikuwa kama kilomita za mraba 1,200. Mkoa mzima wa Dar es Salaam una kama 1,393. Rafu hiyo ilikuwa imedhoofika kwa miaka, kwa hiyo si haki kuutupia mvuke lawama yote. Tena mvuke huohuo ulimwaga theluji nyingi ndani ya bara na kuongeza barafu huko juu. Mto wa angani hauji kubomoa wala kujenga. Unaleta mzigo, matokeo yanategemea unaushushia wapi.

Kusi inapita, haishuki

Turudi Dar. Kuna jambo ambalo watu wa pwani wanaishi nalo bila kulihoji: kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi unavuma kutoka baharini karibu kila siku, una unyevu, lakini mvua ni chache. Kama upepo wa bahari ndio unaoleta mvua, mbona haileti?

Jibu ni kwamba mzigo huo una mwenyewe. Kusi inapoelekea kaskazini inakimbia sambamba na pwani ya Afrika Mashariki, inapita Kenya na Somalia, inakata kuelekea Bahari ya Arabuni, na kwenda kushusha mvua za masika ya India. Mkondo huo wa kasi ulielezwa kwa kina miaka ya 1960 na John Findlater, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, na hadi leo vitabu vingi vinautaja kwa jina lake. Kwa hiyo miezi ile ambayo Temeke vumbi linatawala, juu na pembeni kuna barabara kuu ya mvuke inayokwenda Kerala.

Mvuke ili uwe mvua lazima upande juu, upoe. Kuna vitu vichache vinavyoweza kuupandisha hapa kwetu.

Wa kwanza ni ukanda mvua, neno ambalo wasikilizaji wa taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wamelizoea. Ni mahali ambapo pepo za kaskazini na za kusini zinakutana, hewa inakosa pa kwenda isipokuwa juu. Ukanda huu unafuata jua. Unapita Dar ukienda kusini, vuli inanyesha Oktoba hadi Desemba. Unapita tena ukirudi kaskazini, masika, Machi hadi Mei.

Mwingine ni milima. Uluguru kule Morogoro inasimama kama ukuta mbele ya upepo kutoka baharini, na ndiyo maana upande wake wa mashariki unapata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Hili linagusa bomba la kila nyumba ya Kinondoni, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya Dar inatoka Mto Ruvu, na Ruvu unategemea Uluguru. Kuna mvuke unaopita juu ya Tegeta bila kudondosha tone, unakwenda kugonga mlima zaidi ya kilomita 150 mbele, kisha unarudi Tegeta ndani ya bomba la DAWASA.

Halafu kuna upepo wa magharibi. TMA wakisema "upepo wenye unyevunyevu kutoka misitu ya Kongo", wengi wanapitisha tu masikioni. Kumbe ni habari kubwa. Kwa kawaida nchi inapata upepo wa mashariki, kutoka baharini. Siku chache upepo ukigeuka na kutoka Kongo, hewa yenye unyevu inakuja kukutana na ile ya bahari, na maeneo mengi ya Afrika Mashariki yanapata mvua kubwa. Watafiti wakiongozwa na Declan Finney wa Chuo Kikuu cha Leeds walionyesha kuwa siku hizo mara nyingi zinaendana na kuwapo kwa vimbunga, hasa vinavyokuwa mashariki mwa Madagaska, ambavyo vinauvuta upepo huo kukatiza bara. Kimbunga kikiwa sehemu nyingine, mambo yanaweza kugeuka. Machi 2019 Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, unyevu ulivutwa kuelekea huko na sehemu nyingi za ukanda huu zikasubiri masika zikachoka.

Mwaka wa ndoo, mwaka wa mafuriko

Miaka miwili iliyofuatana inaonyesha ukatili wa mchezo huu kuliko maelezo yoyote.

Mwaka 2022 maji ya joto ya Bahari ya Hindi yalijikusanya upande wa Indonesia na Australia. Mvuke na mawingu yakafuata joto hilo. Upande wetu, anga likabaki na hewa inayoshuka badala ya kupanda. Oktoba mwaka huo Dar iliingia kwenye mgao wa maji. Serikali ya mkoa ilisema uzalishaji umeshuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300 kwa sababu ya kupungua kwa maji Ruvu. Madumu yakapanga foleni, maboza yakapata soko, na kwa familia za Mbagala na Tandika zilizozoea kununua maji kwa dumu, bajeti ya siku ikavurugika.

Mwaka 2023 bahari ikageuka. Joto likahamia upande wa Afrika, hali ambayo wataalamu huiita dipoli chanya ya Bahari ya Hindi, na huko Pasifiki El Niño ikawa imewaka. TMA ilikuwa imetoa angalizo tangu Agosti. Vuli ikaja na nguvu zake. Desemba 3, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang' yaliufunika mji wa Katesh, Manyara, na kuua watu zaidi ya 80. Masika ikaendeleza. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamepoteza maisha kutokana na mvua, mafuriko na maporomoko, na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Wiki moja na ushee baadaye, Mei 4, kimbunga Hidaya kikaingia Mafia, boti za Dar na Zanzibar zikiwa zimesimama, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika.

Mtaani kila kitu kiliitwa El Niño. Hapa ndipo pa kuwa makini. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilichunguza vipindi vyote viwili. Kwa mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 kule Kenya, Somalia na Ethiopia, walikuta mchango mkubwa wa dipoli ya Bahari ya Hindi, na mchango mwingine mkubwa wa ongezeko la joto la dunia. Lakini kwa mvua za masika ya 2024, zilizohusisha pia Tanzania, hawakukuta El Niño wala dipoli zikiwa na mchango wa maana. Waliona ongezeko dogo linaloendana na joto la dunia, kama asilimia 5, nalo si la uhakika sana. Walichosisitiza ni jinsi miji ilivyokua na watu walivyojenga.

Kwa lugha nyingine, jina la El Niño linabeba lawama ambayo sehemu yake ni ya mfereji ulioziba.

Hii haina maana joto la dunia halihusiki. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, na Bahari ya Hindi ya tropiki ni miongoni mwa bahari zinazopata joto kwa kasi. Mzigo unazidi kuwa mzito. Ikitokea siku ukashushwa wote sehemu moja kwa saa tatu, hakuna anayekumbuka wastani wa msimu.

Maji yakishafika chini

Desemba 2011 Dar ilipata mvua ambayo mamlaka zilisema ni kubwa kuliko zote tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Waliokuwa wakiishi mabondeni, wengi kutoka Bonde la Msimbazi, walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Kinondoni. Baadhi walirudi bondeni. Ukiangalia ramani ya daladala ya wakati ule na umbali wa kutoka Mabwepande hadi Kariakoo, huhitaji utafiti kujua kwa nini: kibarua kiko mjini, nauli iko mfukoni mwa mtu asiye na kibarua.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Hiyo inaleta mtego ambao wageni wa jiji hawaujui: Kigogo inaweza kufurika bila Kigogo kunyesha. Mvua ikipigwa huko juu usiku, maji yanafika asubuhi, Jangwani inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanakatizwa safari. Temeke ina hadithi yake na mito Kizinga na Mzinga, inayopita katikati ya makazi kabla ya kumwaga maji upande wa bandari. Kizinga huohuo unaotishia nyumba ndio chanzo cha mtambo wa maji wa Mtoni.

Kuna kazi imefanyika. Mradi wa DMDP ulijenga mifereji mikubwa na barabara Kinondoni, Temeke na Ilala, ukiwamo Mto Ng'ombe unaopita Tandale, eneo ambalo zamani wingu jeusi tu lilitosha kuwafanya watu wapandishe magodoro juu ya kabati. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, umelipa fidia na kuondoa nyumba bondeni, na unahusisha daraja jipya la Jangwani. Lakini mji haukui kwa kusubiri mradi. Chamazi, Toangoma, Bunju na Boko zinajengwa kila wiki, mabati na sakafu za zege zinachukua nafasi ya mashamba yaliyokuwa yakinywa maji, na mfereji unakuja miaka kumi baada ya nyumba. Kipimo kilekile cha mvua kinaleta maji mengi zaidi barabarani kuliko zamani, hata kama anga halijabadilika chochote.

Utabiri upi wa kushika

TMA wanapotoa mwelekeo wa msimu, magazeti na mitandao huchukua neno moja: juu ya wastani, au chini ya wastani. Mkulima wa Rufiji linamsaidia kuchagua mbegu. DAWASA na TANESCO linawasaidia kupanga. Mpangaji wa Hananasif mwenye friji la kukopa linamsaidia kidogo sana, kwa sababu msimu wa chini ya wastani unaweza kuwa na siku moja ya kumaliza kila kitu, na msimu wa juu ya wastani unaweza kunyesha taratibu bila madhara.

Mvuke unaonekana vizuri zaidi siku chache kabla. Setilaiti zinauona ukikusanyika baharini, modeli za kompyuta zinakisia upepo utaupeleka wapi, na ndiyo maana taarifa ya TMA ya siku tano ina uzito kuliko kelele za msimu. Ina ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Chini yake huandikwa madhara yanayoweza kutokea, si milimita tu.

Shida ni imani. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitangazwa kuja pwani ya Dar na Zanzibar, kikafifia kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa. Utani ukajaa mitandaoni. Lakini kufifia huko hakukuwa uzushi wa mtabiri. Dar iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayokifanya kimbunga kijizungushe ni ndogo, hivyo vingi vinakufa vikikaribia huku. Hidaya nacho kilipungua nguvu, ila si kabla ya kuloweka Mafia na Kilwa.

Kwa mtu wa bondeni hesabu ni ya kawaida kabisa. Rangi ya chungwa ikitoka kwa Dar na Pwani, Pwani ni pamoja na Kisarawe, na Kisarawe ni maji ya Msimbazi ya kesho asubuhi. Nyaraka kwenye mfuko wa plastiki, simu ijae chaji, watoto wajue nyumba ya kukimbilia iko wapi. Kama hakuna mvua Kigogo saa nne usiku lakini radi inaonekana upande wa Pugu, hiyo nayo ni taarifa, tena haihitaji bando.